Kisiki cha Uyoga

Mwaka ule wa njaa, Wadachi walipokwisha kuswaga ng'ombe na kuchukua wanaume wakabebe mizigo ya vita, watu wa Mvumi walishikilia roho kwa uyoga, na Ruthu hakuwa akipika hata mmoja kabla haujapita mikononi mwa mama jirani. Mama yule hakuchuma kwa kisu. Alichokonoa udongo kwa kijiti, pole pole, akautoa mzima na kuupapasa chini. Ule mwema, wa kichuguu, una mzizi mrefu unaozama ardhini. Ule wa kuua umekalia kikombe cheupe kilichofukiwa. Ukiutazama kwa juu ni pacha, na ladha ni tamu vilevile. Mikono yake mikavu haikutetemeka kamwe.

Asubuhi moja Ruthu alimpelekea kapu la uyoga safi, alioukata kwa kisu usije na udongo. Mama akaupapasa, chini hapakuwa na kitu, akaumwaga wote jivuni.

"Nani amekula?"

"Mwanangu, mmoja tu, nilimchomea. Lakini mbona anacheza, mama?"

"Ule mbaya humwacha mtu acheze mpaka kesho yake. Nipeleke ulikokata."

Walikimbia. Visiki vilikuwa bado ardhini kuzunguka kichuguu, ila kimoja, cha ule wa mtoto, kilikuwa kando peke yake, chini ya mti. Mama akapiga magoti, akachimba. Kidole kikafuata shina, kikazama, kikazidi kuzama.

"Mzizi. Ni wa kichuguu," akasema mama, na hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka.