Mkono Uliolisha Bokoboko

Jino langu la mbele lilivunjwa kwa kijiko. Lilikuwa jino jipya, lililoota baada ya lile la utotoni kung'oka, na aliyelivunja ni bibi yangu, mama yake babangu, asubuhi moja katika jiko la nyumba yetu ya Kibokoni, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Alikuwa amenilaza chali sakafuni, kichwa changu amekibana baina ya mapaja yake, vidole viwili vimenifunga pua. Nilistahimili kadiri nilivyoweza. Pumzi iliponiishia nilifungua kinywa, na kijiko kikaingia kwa nguvu ya mtu anayezibua mfereji. Nilisikia jino likikatika. Nililimeza pamoja na bokoboko.

Alifanya hivyo kwa mapenzi, na bila kulijua hilo mtu hawezi kuielewa nyumba yetu. Bibi alikuwa bingwa wa bokoboko. Mwanamke akijifungua mtaani, mtu akitoka hospitali, mzee akianza kudhoofu, kwetu ndiko ulikotumwa ujumbe. Ngano ililowekwa tangu jioni, ikachemshwa na nyama mpaka vyote viwili vikasahau vilikuwa nini, kisha Bibi akakaa mbele ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia, akaiponda. Jasho lilimtiririka. Aliponda kama mwenye kisasi, na sauti ya mwiko ule ukigonga ubavu wa sufuria ilikuwa ndiyo sauti ya afya katika mtaa wetu. Mwishoni alimwagia samli na vitunguu vya kukaanga, akasema, "Hili humwinua maiti."

Mimi sikuinuka. Tumbo lilinijaa kama ngoma, mikono na miguu ikawa vijiti, na choo changu kilikuwa cheupe, chenye kuelea, chenye harufu iliyowafukuza binamu zangu chumbani. Kila nilivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidi kulishwa: mahamri asubuhi, chapati mchana, bokoboko wakati wowote Bibi alipopata nafasi ya kunikamata. Nilipotapika nilipigwa kwa kutema neema ya Mungu. Nilipokataa nilipigwa kwa kiburi. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akikaa kwetu siku hizo, alikuwa na kofi jepesi, lisilo na hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mtoto kapatwa na husda huyu," alisema. "Au ana minyoo yenye meno."

Walipochoka na dawa za minyoo walimwita fundi wa kutia moto. Alikuwa mzee mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliyeniuliza jina langu na kunisifu kwa kujibu kwa adabu. Kisha akaichomeka nondo nyembamba ndani ya makaa. Babangu, karani wa forodha, mtu ambaye hakupenda kelele, alinishika miguu. Shangazi alinishika mikono. Harufu ya ngozi yangu ilinifikia kabla ya maumivu. Fundi akanizunguka kitovu kwa alama ndogo ndogo, kwa utaratibu, huku akisoma dua, na mamangu alikuwa amesimama mlangoni, leso ameijaza kinywani asitoe sauti. Alikuwa mkaza mwana katika nyumba ya watu. Sauti haikuwa yake kuitoa.

Vidonda vile vilioza. Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya mamangu, kwa sababu siku usaha ulipotokeza alivaa buibui lake, akasema anakwenda kumpa pole jirani, akanibeba mgongoni, mimi niliyekuwa na umri wa kwenda chuo cha Kurani na kurudi peke yangu, akanipeleka kwa daktari Mhindi upande wa pili wa mji.

Daktari alinifunua tumbo, akaviona vidonda.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Sisi," mama akasema.

Hakumkemea. Aliuliza nakula nini, nyumbani kunapikwa nini, na kama kulikuwa na mahali popote nilipowahi kupata nafuu. Mama alifikiri. Alikumbuka kwamba kila nilipopelekwa kwa wazazi wake, ng'ambo ya kivuko, tumbo lilipungua na usiku nililala. Yeye alidhani ni hewa.

"Na huko hula nini?"

"Sisi ni watu maskini, daktari. Wali na samaki. Muhogo."

Daktari alitua kalamu.

Nililazwa hospitali. Nilipewa wali, ndizi, mayai, samaki, na hakuna aliyenibana pua. Tumbo lilishuka. Nilianza kuomba chakula, jambo ambalo mama alilitazama kwa hofu, kana kwamba ni mtu mwingine aliyekuwa akisema ndani yangu. Kisha asubuhi moja daktari akaja mwenyewe na kipande cha mkate juu ya kisahani. "Sipendi kukuumiza," aliniambia, "lakini lazima nijue." Nilikula. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeikunja mikono juu ya tumbo, nikilia kama niliyepigwa rungu, na shuka zote zilikuwa zimechafuka. Daktari alisimama kando ya kitanda na uso wa mtu aliyeshinda hoja na hakufurahi. Akamwambia mama jina la ugonjwa, siliaki, akalirudia mpaka mama akalishika. Alisema alikosomea, Uingereza, aliwaona watoto kama mimi. Hakuna dawa. Nisile ngano wala shayiri, hata chembe, maisha yangu yote. Nikila, nitaendelea kukonda mpaka nife.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niliutafuta ugonjwa wangu vitabuni. Nikakuta mchoro wa utumbo wenye vidole vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokamata chakula, na kando yake mchoro wa pili: vidole vimelala, vimesagika, ukuta umebaki bapa. Nilikifunga kile kitabu. Nilikuwa nimesikia mwiko ukigonga sufuria.

Nyumbani mama aliyasema yote mbele ya baba na Bibi, akiwa amesimama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimewalisha wazazi wenye vichanga wa mtaa huu wote," akasema. "Nani kafa?"

"Mama, si mkono wako," mamangu akamwambia. "Ni ngano yenyewe."

"Ngano haina mkono. Yeyote anayeitukana ngano yangu kanitukana mimi."

Baba alisema daktari amesema, basi alilosema na lijaribiwe. Alisema hivyo akiwa amekwisha kuinuka kuondoka.

Kwetu watu hula sinia moja. Wanawake na watoto huketi kulizunguka, kila mtu na upande wake, na mkono uliomega chapati ndio huo huo unaorudi kwenye wali. Mama aliona jambo ambalo hata daktari hakulitaja: kwamba katika sinia lile hapakuwa na upande ulio safi. Akaninunulia sahani yangu ya bati, akaniketisha kando. Ungeona, ungedhani ametundika bendera ya vita.

"Mzungu wetu ana sahani yake," shangazi alisema.

"Labda sisi tuna ukoma," akajibu Bibi. "Mwache. Asije akatuambukiza uungwana."

Watoto wakacheka. Nilikula na mgongo nimewapa, na nyama ilirudi taratibu mifupani mwangu, na Bibi hakuitazama.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Bokoboko lilikuwa limepondwa tangu alfajiri na sufuria ilikuwa bado juu ya makaa. Mama alikuwa akikuna nazi ya wali wangu aliponiona nimeshikwa shingo. Bibi alikuwa ameamua kwamba mjukuu wake hatapitisha Idi kama yatima.

"Ndoo hapa," alisema, akinivuta karibu. "Kidogo tu, kwa baraka. Wali wa mtele mtupu ndio utakaokupa nguvu?"

"Mama, mwache."

"Nyamaza wewe. Mtoto yuwafa kwa ujinga wako."

Mama aliinuka kwenye mbuzi ya nazi, akaipiga sufuria teke. Sikuwahi kumwona akimwinulia mtu hata jicho. Sufuria ilipinduka, bokoboko likaenea sakafuni likitoa mvuke, na chozi la samli ya moto likamrukia Bibi mguuni. Alipiga yowe. Baba aliingia akiwa na kanzu yake ya Idi, akaona chakula cha watu chini na mamaye akirukaruka kwa mguu mmoja, akampiga mama kofi lililomwangusha juu ya mbuzi. Meno ya chuma yalimpasua mkono kuanzia kiwiko. Damu ilichuruzika juu ya nazi nyeupe aliyokuwa ameikuna. Wageni walijaa mlangoni, wamejipamba, wananukia udi, na hakuna aliyeingia.

Bibi aliinama, akachota bokoboko sakafuni kwa vidole. Kijiko nilikwisha kujifunza kukizuia kwa meno. Vidole hakuwahi kuvitumia. "Leo atakula mbele yako," alimwambia mama, akanisukumia kinywani.

Nikauma.

Niliuma kwa meno yote, pamoja na kile kigutu cha jino chenye makali alichoniachia mwenyewe. Nilihisi ngozi ikikubali, kisha kitu kigumu kisichokubali, nikaendelea. Bibi alinipiga kichwani kwa mkono wa pili, mara nyingi, na kila pigo lilinifunga taya zaidi. Baba ndiye aliyenibandua, vidole vyake vimeingia kwenye bawaba za taya zangu. Nilitema bokoboko na damu juu ya kanzu yake.

Kidole kile kiliumuka mpaka kikang'aa. Bibi alikataa kutibiwa, kisha usaha ukapanda, akapelekwa, akarudi na mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kuanzia ncha za vidole hadi juu ya kifundo. Hakuweza kushika chochote. Na mkono wa kushoto, kwa mwanamke kama yeye, haukuwa mkono wa kulia chakula. Angeona bora afe. Shangazi alikuwa amekwisha kurejea kwa mumewe Malindi. Hapakuwa na wa kumlisha ila mamangu, ambaye mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshonwa.

Mama alimlisha. Aliketi mbele yake na sahani yangu ya bati, akamtilia tonge baada ya tonge, bila kungoja lile la kwanza lishuke. Wali na samaki. Muhogo wa nazi. Nilichokula mimi ndicho alichokula yeye, kwa kuwa mama aliapa hatapika vyungu viwili kwa mkono mmoja. Unga wa ngano ulimalizika ndani ya kopo na hakuna aliyeujaza. Baba akawa anakwenda kula mahamri yake mkahawani.

"Wanilisha kwa hasira," Bibi alisema siku moja, mdomo umejaa.

"Nakulisha ulivyomlisha mwanangu," mama akajibu, akamtilia jingine.

Bibi akatafuna. Machozi yalimtoka, sijui ni ya samaki wa pilipili au ni ya nini. Lakini alikuwa ameketishwa akinielekea, hana kazi nyingine ila kunitazama, na kila siku alimwona yule mtoto wa ngoma na vijiti akipanda ngazi mbio, akishuka, akipanda tena.

Bandeji ilipotolewa kidole kilibaki kimepinda kama ndoana. Asubuhi moja nilisikia mwiko. Nilijificha nyuma ya mlango wa jiko, taya nimezibana. Bibi alikuwa akiponda, kwa shida, mwiko ukimponyoka. Alipomaliza hakuniita. Alijaza bakuli, akaliweka mbele ya mama.

"La mtele, si la ngano," akasema. "Na sufuria nimeisugua kwa jivu na mchanga."

Mama alichota kijiko. Alikiweka mdomoni, akafumba macho, akakaa nacho muda mrefu akikitafuta kwa ulimi, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Bibi alisimama akingojea, mkono wake mbovu ameuficha ndani ya leso.

Mama akameza.

"Ndoo ule," akaniambia, na kijiko akanipa mwenyewe mkononi.