Mama na Muhogo Mchungu

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole. Kusema mbele za watu siwezi kabisa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama yangu ana ugonjwa unaoitwa MS. Daktari wa Dar es Salaam alitueleza kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia mishipa ya fahamu. Ulianza na macho, ukaja kwenye miguu. Miaka hii ya karibuni umeingia kwenye kufikiri. Hajawa mwehu, kama majirani wa hapa Likombe wanavyonong'ona. Mambo ya zamani anayakumbuka kuliko mimi. Ila ukimwuliza kitu, jibu linachelewa, na akishika mambo mawili kwa pamoja, moja linamponyoka.

Ramadhani hii tulichimba muhogo shambani, chini ya mikorosho. Kule mihogo mitamu na michungu imeota pamoja. Mchungu haupikwi hivi hivi. Usipolowekwa na kuanikwa unadhuru, hata kuua. Kwa hiyo Mama, ambaye hafungi kwa ajili ya ugonjwa, humenya, hukata ncha ya kila muhogo, huionja, huitema. Kazi hiyo ni yake tangu sijazaliwa.

Siku ile alikuwa anamenya wa futari huku mama mdogo, mdogo wake tunayeishi naye, akimsimulia habari za harusi. Sufuria ikaanza kuchemka. Nilipokwenda kuzoa maganda niliona ncha moja tu iliyotemwa. Nikaonja muhogo uliobaki. Uchungu ukanishika ulimi, nikatema, nikakimbilia kuipua sufuria.

"Dada, leo ungetufuturisha ahera!" mama mdogo akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Kuanzia kesho jikoni usiingie."

"Nilionja," Mama akasema. "Nilionja… ule wa kwanza." Akaitazama mikono yake. "Nisipomenya muhogo, mdogo wangu, humu ndani mimi nani?"

Tulifuturu kwa uji na tende.

Kesho yake nilizima redio, nikamwomba mama mdogo abaki barazani, nikakaa na Mama jikoni. Akamenya vizuri, akaonja, akatema. Nikaanza kupumua. Halafu akanyanyua muhogo aliotoka kuuonja muda uleule.

"Huu nimeuonja?"

Nikimjibu, nimemnyang'anya kazi yake. Nisipomjibu, je, akizoea kubahatisha, siku nyingine akatia sufuriani ambao hajauonja? Nikamsubiri. Alifikiri mpaka jasho likamtoka usoni, kisha akaukata tena, akaonja.

"Mtamu," akasema.

Safari hiyo aliuliza. Ninaogopa siku ambayo hatauliza. Wewe unayeishi na mgonjwa wa namna hii, tafadhali niandikie. Wako akikuuliza hivyo, unamjibu au unamsubiri? Na ulijuaje kwamba sasa kusubiri kumekuwa hatari?