Pumzi ya Jenerali Lefulefu

Jeshi zima la Majivu lilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa baba yangu mdogo, Tuliau. Askari wote waliokanyaga mabonde ni yeye, akipiga miguu juu ya majani makavu ya mshelisheli ndani ya ghala la mbata nyuma ya kanisa letu, hapa kisiwani Savai'i. Vicheko vya walinzi ni yeye. Kikohozi cha mlinda lango ni yeye pia, na hicho hakikuwa maigizo, alikuwa na mafua. Na Jenerali Lefulefu mwenyewe, aliyewafanya watoto wa kijiji hiki waogope kwenda msalani peke yao, sauti yake ilitoka kwenye kifua kilichoimba besi katika kwaya miaka nenda miaka rudi bila mtu kusema ahsante. Basi mimi nasema. Ahsante, baba mdogo.

Mimi ni Fetuao, mchora katuni. Nilijifunza kazi hiyo Auckland, nikarudi nyumbani na kompyuta moja na kichwa kilichojaa hadithi. Yangu ilikuwa hivi: Jeshi la Majivu linatua visiwani na kuzima kila moto wa jikoni, maana mtu asiyeweza kupika atamtii yeyote atakayempa chakula. Waasi ni msichana Vaitoa, anayepanda popo mkubwa kama mtumbwi, na wenzake wachache. Wanaficha makaa ndani ya vifuu vya nazi na kuyapeleka kijiji kwa kijiji watu wapike. Uasi wao wote ndio huo, kupika. Kila Jumamosi tulionyesha kipande kimoja kwenye shuka jeupe ukumbini mwa kanisa, na ukumbi ulikuwa haupitiki.

Sauti ya Vaitoa niliifanya mwenyewe. Jenerali ndiye aliyenitoa jasho. Nilimjaribu mwalimu wa shule, akasoma kama anatangaza matokeo ya mtihani. Nilimjaribu shemasi, akamtisha Vaitoa kwa upole hadi nikamwonea huruma. Siku moja nimekaa nimekata tamaa, nikasikia nje mngurumo: "Toka! Toka kabla sijakula wanao huku unatazama!" Kalamu ilinidondoka. Nikachungulia. Alikuwa baba mdogo, mzigo wa nazi begani, akimfukuza nguruwe aliyeingia kwenye magimbi yake.

"Baba mdogo, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia nguruwe."

"Nguruwe amesikia, nirudie ya nini?"

Mnisamehe nikisema kidogo juu ya mtu huyu. Tuliau hakuwa na cheo cha uchifu, na kwetu mwanamume asiye na cheo, hata mvi zikimwota, kazi yake ni kupika, kubeba na kukaa nyuma. Barazani anasema akiulizwa, na yeye hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa hana watoto. Alikuwa na mke, mama mdogo Losivale, na shamba la magimbi, na kifua hicho. Nilipompa maikrofoni aliishika kama yai. Aliposikia sauti yake ikirudi kwenye spika alikaa chini, akacheka, akafuta macho. "Kumbe ndio nasikika hivi," akasema.

Tangu hapo kijiji kikampata. Akipita njiani watoto wanamtupia makumbi ya nazi na kupiga kelele "Waasi juu!" Naye anasimama, anatuna, ananguruma: "Zimeni mioto!" Kutoka majikoni wanawake wanajibu: "Hatuzimi ng'o! Njoo uzime mwenyewe, mzee wa mafua!" Mama mdogo peke yake ndiye hakuwahi kuja ukumbini. "Namsikia akipiga kelele nyumbani bure," alisema, "nikamsikilize tena kwa shuka?"

Sasa ikaja ile Alhamisi. Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho. Jenerali anafika kijiji cha mwisho chenye moto, anapiga baragumu, watu wote wanajificha. Nikataka baragumu la kweli. Baba mdogo akaleta kombe kubwa la baharini, ndugu wa lile la kijiji linalopigwa jioni kuita watu kwenye sala.

"Punguza pumzi, baba mdogo. Polepole."

"Jenerali hapunguzi."

Akapiga. Mungu wangu! Vumbi la mbata la enzi za babu lilidondoka kutoka darini. Tulifurahi, tukarudia, tukarudia tena. Baada ya muda nikasikia nyimbo za kanisa kutoka nyumba hii na ile, kijiji kizima kinaimba. Nikasema, hee, leo wameanza mapema. Nikafungua maikrofoni nizirekodi, zilivyokuwa tamu.

Nje wingu la mlimani lilikuwa limefunika jua, giza kama jioni. Watu waliposikia kombe walidhani muda wa sala umefika. Na muda wa sala kwetu si mchezo, ukikutwa njiani unapigwa faini, na aibu yake inakwenda kwa ukoo mzima. Kila mtu aliacha alichoshika akakimbilia kwao. Vijana waliokuwa nyumbani kwa chifu mkuu Fuimaleve walikimbia pia, na wao ndio walikuwa wamewasha moto mkubwa wa kupasha mawe katika banda lake la kupikia. Jioni ile angepokea wageni wa kanisa kutoka wilaya nyingine. Nguruwe wawili walikuwa wameshaandaliwa, magimbi yamemenywa, na banda limeezekwa kwa majani. Moto ukabaki peke yake na banda. Watu wakiwa wamefumba macho wakiomba, ukapanda.

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Lakini banda lilikwisha, na nguruwe wakawa mkaa. Wageni walishuka wamevaa nguo nyeupe tupu, wakapewa biskuti na samaki wa kopo. Fuimaleve aliwahudumia mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Baraza la machifu lilikaa kesho yake na halikukaa sana. Katuni itoke kijijini kabla ya Jumapili, na ghala lifungwe. Tuliau mwana wa kijiji asiikaribie tena, hapa wala mjini. Basi. Kazi yangu yote ilikuwa imefika shingoni, ikakatwa hapo. Bila Jenerali sikuwa na mwisho, na kifua kingine kama kile nisingekipata hata ningezunguka visiwa vyote. Nililia kwa hasira. Nililaani wingu, nikalaani kombe, nikasema narudi Auckland kuchora matangazo ya sabuni.

Baba mdogo alinisikiliza hadi nikachoka. "Umemaliza?" akauliza. Kisha akamgeukia mkewe. "Losivale, ule mkeka."

Mama mdogo alikuwa na mkeka mmoja wa heshima, mlaini kama kitambaa, uliosukwa na mama yake. Alikuwa ameuweka chini ya godoro kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Alijua unatakiwa kwa nini. Kwetu mtu aliyemkosea mwingine sana huenda alfajiri nyumbani kwa aliyemkosea, na kuni na mawe ya kupikia, kana kwamba anasema: nimekuja, mkitaka nipikeni. Anakaa chini nje, anajifunika mkeka, anangoja. Kazi hiyo hufanywa na ukoo mzima, chifu wao mbele. Chifu wa ukoo wetu alikuwa New Zealand kwa matibabu. Mtu mmoja asiye na cheo kwenda peke yake, wengine wangeona dharau. Fuimaleve angeweza kumwacha hapo hadi jua lizame, baba mdogo arudi na aibu mbichi juu ya ile ya kwanza.

Mama mdogo akainua godoro. "Usikae palipo na mavi ya kuku," akasema. "Utanichafulia."

Nikamwambia baba mdogo nakwenda naye, kosa ni letu sote. Akanitazama kwa huruma. "Wewe una mdomo, mwanangu. Chini ya mkeka mtu hasemi."

Alfajiri ya Jumamosi alikwenda, kuni begani, mawe kwenye kikapu. Nyumba zetu hazina kuta, kwa hiyo nilikaa kwa jirani ng'ambo ya njia nikaona kila kitu. Alishusha kuni. Akatazama chini pa kukaa, nadhani akikumbuka kuku. Akakaa, akajifunika. Ndani, Fuimaleve alikuwa amekaa na kikombe chake cha kakao. Aliona. Akageuka, akampa mgongo.

Jua lilichomoza, likapanda. Watoto walikusanyika njiani wakinong'ona: "Jenerali amejisalimisha!" Mmoja akauliza kama waasi wamemkamata, mwingine akamfinya anyamaze. Watu wazima walipita bila kutazama. Mama mdogo alikaa karibu nami, mikono imeshika shuka lake. Joto likawa kali. Mkeka ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na katika ukimya ule tulisikia pumzi yake, nzito, ya mafua, hadi ng'ambo tulipokaa. Nikaja kugundua nami navuta pumzi pamoja naye, na mama mdogo vilevile.

Fuimaleve aliweka kikombe chini. Alitoka pekupeku, mzee mrefu mwenye goti bovu, akasimama mbele ya ule mkeka. Akainama kwa shida, akauinua.

"Kuni umeleta," akasema. "Mawe umeleta. Nguruwe wangu wawili wameshaungua, sitaki na wa tatu aungulie uani kwangu. Inuka, baba."

Watu walivunjika mbavu kwa kicheko, machifu kwa watoto, na wengine tulicheka tukilia. Baba mdogo hakuweza kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Chifu mkuu alimshika kwapa akamwinua, akamwingiza ndani, akammiminia kakao kwa mkono wake. Mkeka aliurudisha kwa mama mdogo siku ileile, umekunjwa vizuri. Baraza liliketi tena. Banda jipya atalijenga Tuliau pamoja na vijana, na atapika yeye. Katuni imalizwe, "maana wajukuu wangu hawatanipa usingizi," alisema Fuimaleve. "Ila kombe hapana. Tafuteni kitu kingine." Ndiyo maana kipande cha mwisho Jeshi la Majivu linaitwa vitani kwa kupuliza bomba la maji.

Mwisho niliokuwa nimeuchora, Jenerali anaanguka ndani ya volkano. Niliuchana. Nikachora upya: asubuhi waasi wanaamka na kumkuta mzima-mioto mkuu ameketi nje ya kijiji na mzigo wa kuni, amefunikwa mkeka. Vaitoa ana kisu mkononi. Askari wote wa majivu wanangoja nyuma ya Jenerali. Nilimwandikia Jenerali maneno ya kuomba radhi, ukurasa mzima, nikajivunia sana.

Baba mdogo aliusoma, akaurudisha. "Nilikwambia mtu hasemi."

"Sasa watoto watajuaje kama amejuta?"

"Fuimaleve alijuaje?"

Akajifunika shuka pale ghalani, akakaa sakafuni, nikaweka maikrofoni karibu. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya Jenerali Lefulefu katika katuni yangu, pumzi tu, hadi Vaitoa anapoinua mkeka. Watoto waliokuwa wakidai kichwa chake tangu kipande cha kwanza walinyamaza kimya ukumbi mzima.

Baba mdogo alifariki mwaka juzi, kwa kifua hichohicho. Maziko yake yalikuwa makubwa kuliko ya machifu wengi. Mkeka wa mama mdogo alizikwa nao yeye. Fuimaleve, akiwa hoi kwa goti, aliomba aseme kwa niaba ya mtu asiye na cheo, akasema hadi wageni wakasahau njaa.

Ninavyo vitisho vyake vyote kwenye kompyuta, vicheko, miguu ya jeshi, hata kikohozi. Ninashukuru kwa kila kimoja. Kila mwaka tunaionyesha katuni tena ukumbini, na mama mdogo Losivale bado hataki kuitazama. Anakaa nje barazani akisuka mkeka mwingine, wa kwake, hadi mtoto amwite kwamba Jenerali amefunikwa. Hapo anaingia. Tunampisha mbele. Anakaa chini, anafumba macho, anamsikiliza mume wake akivuta pumzi. Mkeka ukiinuliwa, anasimama, anakung'uta shuka lake, na kwenda zake nyumbani.