Habaryar na Mnyama wa Baharini

Mama mdogo wangu, ambaye kwa Kisomali nilimwita Habaryar, alirudi Garissa kutoka Nairobi akiwa amekonda hadi pete zinamchomoka vidoleni. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa muuguzi. Saratani yake ya damu ilikuwa imetulizwa kwa dripu huko Nairobi. Zilizobaki zilikuwa sindano za chini ya ngozi, ambazo nilimdunga mwenyewe nyumbani kwangu. Dawa haikuwa na rangi wala harufu. Ungedhani ni maji.

Habaryar alikulia Modogashe, kwenye mbuzi na ngamia. Bahari hakuwahi kuiona hata pichani.

Adhuhuri moja, mabati yakilia kwa joto, nilimkuta amekaa kitandani, sikio kaliegemeza ukutani.

"Kuna kitu kinakunywa," aliniambia.

"Mbuzi wa jirani."

"Mbuzi hupumzika. Hiki hakipumziki."

Nikampima joto. Hakuwa na homa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisimani: ni mnyama asiye na uso, laini, mwili mzima matundu, amegandamana na jiwe ndani ya maji ya chumvi, akinywa na kutema, akinywa na kutema.

"Hana miguu ya kukimbia adui," alisema. "Ndiyo maana ana sumu."

Kesho yake nilimuuliza daktari wetu, mtu wa bara, kuhusu ile dawa. Habari za Habaryar sikuzigusa.

"Asili yake ni sponji ya baharini," alisema. "Wataalamu walikuta kemikali ngeni ndani yake, wakaiiga, wakapata dawa inayozuia seli za saratani zisizaliane."

"Sponji si mmea?"

"Ni mnyama. Hana uso wala mdomo. Kazi yake ni kupitisha maji mwilini tu."

Nikamwomba arudie maneno hayo.

Daktari alipokuja nyumbani kumtazama mgonjwa, Habaryar alimngoja anywe chai kidogo, kisha akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, hiyo mnyama ya dawa, mliua?"

Daktari alinitazama, akidhani nimemsimulia mgonjwa habari za sponji. Nilitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Dawa hii inatengenezwa kiwandani. Hakuna mnyama ndani ya hiyo chupa."

"Basi mimi nasikia nani?"

Daktari alitabasamu, tabasamu likamfia usoni. Aliondoka chai ikiwa nusu.

Nilimaliza kumdunga dozi zote. Damu yake ikatulia, akarudi Modogashe kwa mbuzi wake, akaishi miaka kadhaa. Nilipomtembelea nilimuuliza kama bado anasikia.

"Kilinyamaza ulipotupa chupa ya mwisho," alisema, akimfukuza mwanambuzi aliyeng'ang'ania shuka lake. "Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimekizoea."