Steringi wa Nyiramana

Nyiramana hajui Kiingereza, wala hilo halijawahi kumzuia kutafsiri filamu. Katika banda lake la video pale Rwekubo, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, hukaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akisema anachokiona na kuongeza anachokitaka. Wachezaji huwapa majina ya watazamaji walioko kwenye mabenchi. Kuitwa steringi, yule shujaa wa filamu asiyekufa, watu hugombania.

Safari hii alinunua filamu ya vita kwenye duka moja la Kakoba, akaionja kwanza peke yake. Lo! Ya zamani, haina hata rangi. Askari wamejaa kwenye mahandaki, tope na panya, na mwishoni steringi anakufa! Alitaka kuirudisha dukani. Halafu akamkumbuka Muhirwa.

Muhirwa, mtoto wa dada yake Miriamu, alikuwa aondoke Ijumaa, avuke mpaka kurudi Kongo kushika bunduki. Gad, mwanamume wa viatu vya kung'aa aliyekuwa akikusanya vijana wa kupigana, alimwahidi cheo. Miriamu alilia, mchungaji akaomba, kijana akaziba masikio.

"Leo steringi ni Komanda Muhirwa!" Nyiramana akatangaza Jumamosi, siku sita kabla ya safari hiyo.

Banda likalipuka kwa makofi. Muhirwa akasimama, akapiga saluti. Gad, benchi la nyuma, akatabasamu.

"Komanda njo huyu," Nyiramana akaanza. "Anajikuna. Chawa iko mingi kupita basoda, askari bake. Sasa anatafuta mukate. Panya amekula. Sasa anakimbia, ameshika suruali. Si adui, ni tumbo!"

Watu wakashika mbavu.

"Mama mudogo, fanya nipige mutu!" Muhirwa akalalamika.

"Utapiga nani? Adui haonekane. Piga tope, mutoto wangu."

"Na mukubwa wao iko fasi gani?" akauliza Nehemiya, fundi baiskeli.

Hapo hapo akatokea jenerali mwenye sharubu, mezani, kitambaa cheupe kifuani.

"Huyu ni Gad. Anakula kuku."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Tabasamu la Gad likakatika.

"Mimi nimeingiaje?"

"Kwa mulango, kama wengine."

Filamu ikaenda. Wenzake Komanda wakaanguka mmoja mmoja, kicheko nacho kikapungua. Kisha mvua ikaacha, steringi akainuka handakini aanike soksi zake. Nyiramana akabonyeza rimoti. Picha ikaganda.

"Kwa nini umesimamisha?" Sauti ya Muhirwa haikuwa tena ya komanda.

"Hapa njo banakupiga risasi."

"Steringi hawezi kufa!"

"Huyu anakufa. Na soksi yake mukononi."

"Badilisha! Si weye unatafsiri?"

"Nabadilisha. Lakini sema mbele ya mama yako. Ijumaa unaenda?"

Miriamu, benchi la mbele, hakugeuka. Alijiziba mdomo kwa kitenge.

Muhirwa akazitazama zile soksi.

"Siendi."

"Sauti!"

"Siendi, mama mudogo! Nitoe mu ile shimo!"

Nyiramana akabonyeza. Risasi ikalia, askari akaanguka.

"Masikini Gad," akasema kwenye kipaza sauti. "Ameacha kuku mezani, amekuja kushika zamu ya Muhirwa."

Watu wakageuka kumpa pole. Benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Ijumaa Muhirwa alikuwa shambani akipalilia maharage ya mama yake, na kila aliyepita barabarani alimpigia saluti.