Msumari wa Katambuga Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Wambura kwamba sijaumia.

Miaka ile viatu havikuonekana madukani Musoma. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, naishi mtaa wa Iringo, na kila kitu nilijifundisha mwenyewe. Nilijitengenezea katambuga kwa tairi la lori. Nilizigonga misumari, nikazibomoa, nikazigonga tena mara tatu mpaka nikaridhika. Nikazivaa siku binamu yangu Wambura aliponipeleka kuona maporomoko marefu, ndani ya korongo, kwenye vilima upande wa Butiama.

"Unajifanyaga fundi, wewe!" alinicheka njiani. "Vua, tembea peku kama mimi."

Nilikataa. Korongo lilikuwa jembamba, kuta zake niliweza kuzigusa kwa mikono yote miwili. Maji yalianguka kutoka juu sana, kishindo chake kikanitetemesha kifua. Niliogopa, nikarudi nyuma haraka, nikateleza. Msumari ukanizama kisiginoni.

"Umeumia?"

"Hapana."

Nilisuuza damu mtoni. Niliona aibu kutobolewa na kazi ya mikono yangu.

Siku ya nane, nyumbani, tonge la ugali halikuingia mdomoni. Taya zilikuwa zimekaza. Kesho yake shingo ikakakamaa. Mama akanikimbiza hospitali.

"Una kidonda popote?" daktari aliuliza.

"Sina," nilisema kupitia meno yaliyofungana. Hata pale nilidanganya.

Mara bakuli likadondoka sakafuni. Kwa mlio ule tu mwili wote ulikaza, mgongo ukajipinda, nikang'ata ulimi, nikajikojolea. Pumzi haikuja. Akili ilikuwa timamu, nikajua ninakufa. Mwili ulipoachia, nilinyoosha kidole kisiginoni.

"Pepopunda," daktari alisema. "Mama, tutampigania, lakini sindano yake hapa imekwisha."

Wambura alidandia lori hadi Bunda, akarudi nayo ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

Nililala wiki tatu kwenye chumba chenye giza, maana mwanga na kelele vingeamsha mkazo. Wambura alininong'oneza, "Fundi, mguu wangu peku ni mzima." Nilitaka kucheka, nikaogopa kicheko kingenikaza tena.

Namshukuru Mungu, Mama, wauguzi na Wambura. Wewe unayesoma, ukichomwa na chochote, usijikaze kiume. Nenda upate sindano siku hiyo hiyo.

Siku hizi nikiumia nasema, hata kama kosa ni langu.