Mwezi wa Ukutani

Mama yangu anaitwa Zuena, na kwa miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kuhesabu mwezi mwenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya baba.

Baba, Hasani, alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeuza spea za Landkruza hapa Karatu, na vidole vyake havikutakata grisi hata siku ya Idi. Kila mwezi ulipofika siku ya ishirini na tisa alifunga duka mapema, akapanda hadi shambani kwa mzee Hhando, mahali palipoinuka, kutazama upande wa mlima Oldeani kama mwezi mpya umeandama. Hhando, Mwiraqw na Mkristo, hakuacha kumtania.

"Hasani, mwezi wako umepotea tena? Karipoti polisi."

Baba alicheka tu, macho hayabanduki magharibi. Alijua kwamba Juni jua linazama kulia kwa Oldeani na Desemba linazama kushoto, kwa hiyo alijua pa kuutafuta. Mwezi mchanga hautoki mbali na jua. Ukionekana, unakuwa umelala chali kama bakuli, na baada ya muda mfupi umezama. Siku ya pili unakawia zaidi kidogo, ya tatu zaidi tena. Akiuona anampigia mama simu: "Umeandama." Mama anajibu, "Alhamdulillahi," na anarudi kwenye sambusa zake.

Walioana mwaka tisini na moja, Ramadhani ikiwa Machi. Kila mwaka Ramadhani ilirudi nyuma siku kumi na moja hivi, ikapita kwenye mvua za vuli, ikapita kwenye ukungu wa Julai, hadi mwaka elfu mbili na ishirini na nne ikaifikia Machi tena. Baba akamwambia mama, "Tumemaliza mzunguko mzima, Zuena. Wa pili sidhani." Mama alikasirika siku mbili kwa maneno hayo.

Mwaka uliofuata, jioni ya tarehe ishirini na nane Aprili, baba aliuona mwezi, akapiga simu kama kawaida, akarudi akala, akalala. Alfajiri hakuamka.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mama ni mtu wa kushika jambo hadi mwisho. Aliniita mimi, binti yake wa pekee, akasema, "Kauthar, wewe ndiye mwalimu. Nihesabie miezi minne na siku kumi."

Nafundisha jiografia. Kila mwaka nawasimamisha watoto wa kidato cha kwanza na chungwa na tochi, nawaambia mwezi unamaliza hali zake kwa siku ishirini na tisa na nusu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, nikahesabu Mei, Juni, Julai, Agosti, nikaongeza kumi, nikazungushia tarehe nane Septemba. Kiswahili kina neno moja kwa mwezi wa angani na wa ukutani. Mama alisema mmoja, mimi nikasikia mwingine. Na huko juu hakuna aliyetazama, maana msimu ule ukungu uliifunika Karatu wiki nzima nzima, na mtazamaji tulikuwa tumemzika.

Mwezi wa Agosti, bibi, mama yake mama, akaugua huko Mang'ola, anakoishi na mjomba Dauda katikati ya mashamba ya vitunguu. Nilimwambia mama dharura inaruhusiwa.

"Simvunjii Hasani siku zake," alisema. "Nikitoka tu, naenda kwa mama. Mwambie Dauda tarehe nane."

Nikampigia mjomba. Bibi alikuwa haongei na simu, masikio yalishakufa, na simu ya mjomba ni kitochi, haina hata picha. Aliahidi kumfikishia.

Bibi alifariki Jumamosi, tarehe sita. Mama alilia hadi sauti ikaisha, lakini hakutoka. "Nimebakiza siku mbili," alisema. Nikapanda fuso iliyokuwa inafuata vitunguu, nikaenda peke yangu.

Tulimaliza maziko jioni. Mang'ola kuko chini, kuna joto, na anga lake halina ukungu. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, na nilipogeuka nikaona mwezi umeshapanda upande wa pili, mkubwa, umebakiza kidogo tu ujae. Eda huhesabiwa kwa mwezi huu, wa angani. Baba alikufa mwezi ukiwa umeandama jana yake. Siku ya mwisho ya eda mwezi ulitakiwa uwe na siku kumi. Huu ulikuwa na kumi na tatu.

Mama alikuwa huru tangu Jumatano. Siku tatu nzima bibi akiwa hai, na mama kakaa ndani kwa sababu yangu.

Nikamweleza mjomba Dauda.

"Ndiyo maana," alisema. "Kauthar mwanangu, nilimfikishia tu kwamba Zuena atakuja eda ikiisha, na bibi yako alikuwa anauhesabu mwezi yeye mwenyewe, nikimtoa nje jioni. Jumatano akasema, eda imeisha, kesho Zuena atafika. Alhamisi akaniambia nimvike gauni jipya. Ijumaa mchana akaanza kuniuliza, mnanificha nini? Nikamwandikia chini mchangani, tarehe nane. Akasema, tarehe nane ni kitu gani? Zuena amefuata mumewe, na nyie mnaogopa kuniambia. Sikuweza kumtoa hapo. Jioni alimsomea Yasini, kama maiti."

"Mbona hukupiga simu?"

"Nikamtie dada uchungu ndani ya eda? Nilijua zimebaki siku tatu."

Nilirudi Karatu Jumapili. Njiani nilifikiria kunyamaza, nakiri. Lakini mama angekuja kuyasikia kwa mtu mwingine, na hilo lingekuwa baya zaidi. Nikamkuta mkekani na nguo zake za eda, nikamwambia yote, hesabu yangu, mwezi niliouona, gauni jipya, Yasini.

Alihesabu kwa vidole, taratibu, akafika mwisho.

"Jumatano," alisema.

"Nisamehe, mama."

Alisema kwa sauti ndogo, "Kanisomea nikiwa hai. Na mimi nilikuwa hapahapa."

Kisha akasimama, akabadili nguo, akavaa viatu ambavyo miguu ilikuwa imeshavisahau. Akatoka, akafungua geti, akasimama barabarani akitazama njia ya Mang'ola, mkono mmoja kwenye komeo. Nilimfuata, nikamuuliza anakwenda wapi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nilikuwa natoka kwenda kwa mama."